Kamera Haishiki Fokasi: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Tatizo kwa Wapiga Picha wa Lamu

Kamera ya mpiga picha wa Lamu ikigoma kushika fokasi, njia ya kwenda kwa fundi ni ndefu: boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, au kifurushi hadi Nairobi, na siku zote hizo umekaa bila chombo cha kazi. Ndiyo maana kabla ya kufunga mzigo inafaa ujue kilichoharibika ni lenzi, ni kamera yenyewe, au hakuna kilichoharibika. Mara nyingi ni hili la mwisho: swichi imesukumwa ndani ya begi, au kamera imeelekezwa kwenye kitu ambacho haiwezi kukisoma. Tunaanza na mambo yasiyogharimu kitu na kumalizia na yanayohitaji bisibisi ya fundi. Usiruke mpangilio huo, maana anayeruka huishia kulipia matengenezo ya lenzi isiyo na kasoro.

Je, ni fokasi kweli?

Fungua picha kwenye skrini, ikuze mpaka mwisho, kisha izungukie yote, si uso wa mtu peke yake.

Ukikuta sikio limetoka safi na jicho halikutoka, au mlango wa nakshi ulio nyuma umetoka safi na bwana harusi aliyesimama mbele yake hakutoka, hilo ni tatizo la fokasi. Kama hakuna chochote kilichotoka safi, na kingo za vitu zimevutika upande mmoja, mkono ulitikisika au aliyepigwa alisogea. Dawa yake ni kuongeza kasi ya shata, yaani kufupisha muda ambao kamera inapokea mwanga. Kwa lenzi ya mm 50 ukiwa umeishika kamera mkononi, usishuke chini ya 1/100 ya sekunde. Kwa mm 200, anzia 1/320. Picha ikiwa nzima imepauka kama iliyopigwa kupitia moshi, kioo cha lenzi kina alama za vidole, chumvi, umande au ukungu, na hayo yana sehemu yake huko chini.

Kuna hali nyingine inayowachanganya wengi hapa pwani. Ukisimama Shela saa saba mchana na lenzi ya mm 300 ukapiga majahazi kuelekea Manda, hewa ya moto juu ya mchanga na maji inacheza, na picha hutoka laini hata fokasi ikiwa sawasawa. Hakuna mpangilio wa kamera unaoondoa hilo. Piga kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, au sogea karibu kwa mashua.

Halafu kuna lenzi yenye tundu kubwa la kuingizia mwanga (namba ya f/ ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Lenzi ya mm 50 kwenye f/1.8, katika kamera yenye sensa (kipande cha ndani kinachopokea picha) ndogo ya APS-C, ukiwa mita 1 kutoka kwa mtu, inakupa kina cha fokasi, yaani unene wa eneo linalotoka safi, cha sentimita 3 tu. Ukishika fokasi kwenye jicho kisha ukainamisha kamera kupanga picha upya, au ukivuta pumzi mwili ukayumba, jicho limeshatoka nje ya kipimo hicho. Kwenye f/4 kina kinafika sentimita 6 hivi, na lawama nyingi dhidi ya kamera huishia hapo. Ukitaka kubaki f/1.8, usishike fokasi kwa nukta ya katikati (nukta ni alama ya fokasi unayoiona ukichungulia) na kuhama: peleka nukta yenyewe juu ya jicho.

Na ikiwa unapochungulia hakuna kinachoonekana safi na maandishi ya ndani hayasomeki, lakini picha zinatoka safi, zungusha kigurudumu kidogo kilicho ubavuni mwa kitundu cha kuchungulia. Kinarekebisha macho yako, hakigusi lenzi. Hugeuka chenyewe ndani ya begi.

Swichi na menyu

Tazama ubavu wa lenzi. Swichi ya AF/MF (AF ni fokasi ya kamera yenyewe, MF ni ya mkono) ikiwa kwenye MF, lenzi inakusubiri wewe uizungushe. Kamera za Nikon za daraja la juu kidogo zina swichi ya pili mbele ya mwili wa kamera, karibu na pale lenzi inapofungwa. Zote mbili lazima ziwe upande wa AF. Lenzi nyingi za Sony na baadhi za Nikon AF-P hazina swichi kabisa, basi hali hiyo itafute kwenye menyu.

Lenzi ndefu huwa na swichi nyingine ya kuwekea mpaka wa umbali, imeandikwa "FULL" upande mmoja na namba ya mita upande wa pili. Ikiachwa kwenye namba, lenzi haiangalii kabisa vitu vilivyo karibu kuliko umbali huo. Irudishe "FULL".

Kisha umbali wenyewe. Kila lenzi ina mahali ambapo haiwezi kukaribia zaidi. Canon 18-55 IS STM inaishia sentimita 25. Canon 50 mm f/1.8 STM inaishia sentimita 35. Canon 75-300 inataka mita 1.5. Anayetaka picha ya hina kwenye kiganja cha bibi harusi kwa 75-300 akiwa ameketi kwenye kitanda hichohicho atasikia lenzi inakwenda na kurudi bila kushika. Arudi nyuma.

Ukinunua kamera iliyotumika, angalia jambo hili kabla ya kumlaumu aliyekuuzia: ukibonyeza kitufe cha kupigia nusu, fokasi haisogei, lakini picha inapigwa. Wapiga picha wengi wazoefu huhamisha fokasi kutoka kitufe cha mbele na kuiweka kwenye kitufe cha nyuma kinachobonyezwa kwa dole gumba. Bonyeza AF-ON, au kitufe chenye nyota kwenye Canon, au AE-L/AF-L kwenye Nikon ndogo. Fokasi ikisogea, umepata jibu. Kwenye Canon irudishe kupitia mipangilio maalumu inayohusu kitufe cha shata na kufuli ya mwanga. Kwenye Nikon ndogo, kwenye kazi ya kitufe cha AE-L/AF-L. Kwenye Sony, washa "AF w/ Shutter".

Baada ya hapo tazama aina ya fokasi. Kwa vitu vilivyotulia tumia One Shot kwa Canon au AF-S kwa Nikon na Sony. Hapa kamera hushika, hulia "pip", na kwa kawaida hukataa kupiga mpaka imeshika. Watu husema kitufe kimekufa. Kitufe kizima, kamera haijaridhika. Kwa vinavyotembea tumia AI Servo au AF-C. Hapa hakuna mlio, na kamera inakubali kupiga hata kabla ya kushika. Kukosa mlio si ubovu. Zile hali za katikati, AI Focus na AF-A, ambazo kamera inajiamulia yenyewe, tunashauri uziache: hubadilika wakati usiotaka, nawe hujui ilikuwa wapi.

Eneo la fokasi likiwekwa "otomatiki yote", kamera mara nyingi huchukua kilicho karibu zaidi. Ukipiga mtu kupitia dirisha la nondo, utapata nondo. Weka nukta moja.

Ukishindwa kujua nani alibadilisha nini, rudisha mipangilio ya kiwandani. Canon wana sehemu hiyo kwenye menyu yenye alama ya spana. Nikon nyingi zina vitufe viwili vyenye doa la kijani, vishikilie pamoja sekunde 2 hivi. Picha zilizo kwenye memori kadi hazifutiki.

Lenzi isiyoelewana na kamera

Hili linawapata sana watu wa Nikon, na ni pesa inayopotea bure sokoni. Kamera ndogo za Nikon, yaani familia ya D3000 (D3300, D3400, D3500) na ya D5000 (D5300, D5600), hazina mota ya fokasi ndani yake. Zinategemea mota iliyo ndani ya lenzi. Lenzi iliyoandikwa AF au AF-D pekee haina mota hiyo, kwa hiyo itafunga vizuri, itapiga picha, na haitafokasi yenyewe hata siku moja. Unatakiwa utafute lenzi iliyoandikwa AF-S au AF-P (AF-S hii ni aina ya lenzi, si ile hali ya fokasi). Mwenye D90 au D7000 hana shida na AF-D, kwa kuwa mota imo ndani ya kamera, lakini kamera hizohizo hazielewani na AF-P. Na ukihamia Nikon Z (zisizo na kioo ndani) kwa adapta ya FTZ, inayofungia lenzi hizi za zamani, lenzi za AF-D zinabaki za mkono, maana adapta nayo haina mota.

Lenzi zote za Canon EF na EF-S zina mota, kwa hiyo upande huo huna wasiwasi. Kwa lenzi za STM (aina mojawapo ya mota za Canon) kumbuka kwamba hata pete ya mkono inaendeshwa kwa umeme: kamera ikizimwa, pete inazunguka na hakuna kinachosogea. Haijavunjika.

Skrini ikiandika "F--" kwenye Nikon, kamera haiioni lenzi: haijafungwa hadi ikalia "tik", au haina chipu. "FEE" ni pete ya tundu kwenye lenzi ya zamani. Izungushe hadi namba kubwa kuliko zote, uifunge. "Err 01" kwenye Canon ni mawasiliano mabaya kati ya lenzi na kamera, na kazi ya kwanza ni kusafisha vile vishikizo vya shaba vinavyopitisha umeme pale lenzi inapokutana na kamera.

Jaribio la dakika kumi

Kama mpaka sasa tatizo lipo, lijaribu mahali pepesi ili kamera isiwe na kisingizio. Kaa kivulini asubuhi, kwenye daka la nyumba kwa mfano. Simamisha pakiti ya majani ya chai au kitu chochote chenye maandishi makubwa meusi kwenye rangi nyeupe, umbali wa mita 2. Weka betri iliyojaa: betri iliyochoka, hasa zile za bandia, huifanya mota ya lenzi isuesue. Vua filta zote. Chagua nukta moja ya katikati na fokasi ya vitu vilivyotulia. Zungusha pete mpaka maandishi yapotee, kisha bonyeza nusu. Rudia mara tano, mara moja ukianzia mbali, mara nyingine ukianzia karibu.

Kwa kamera ya DSLR, yaani yenye kioo ndani, rudia yote kwa kutumia skrini ya nyuma badala ya kuchungulia. Jaribio hili linaeleza mengi kuliko yote, kwa sababu njia hizi mbili hazitumii jicho moja. Ukichungulia, mwanga unapita kioo kikubwa, unapigwa chini na kioo kidogo kilicho nyuma yake, na kufika kwenye sensa ya fokasi iliyo sakafuni mwa kamera. Ukitumia skrini, vioo vimeinuka, na sensa ya picha yenyewe ndiyo inayosoma.

Ikishika kwa skrini na kukataa kwa kuchungulia, lenzi yako ni nzima na vishikizo ni vizima. Tatizo liko kwenye vioo au ile sensa ya chini, mara nyingi ni vumbi. Ikikataa kote kuwili, shuku lenzi, vishikizo au mipangilio. Ikishika kote lakini picha za kuchungulia zikitoka nje kidogo kwa namna ileile kila mara, nenda sehemu ya marekebisho.

Sasa azima lenzi nyingine ya aina hiyohiyo kwa mwenzako. Ikifanya kazi kwenye kamera yako, na yako ikagoma kwenye kamera yake, hukumu imeshatoka. Jaribu pia kuzungusha zumu: lenzi ya 18-55 inayofokasi vizuri kwenye 18 na kufa ikifika 55, au kinyume chake, kwa kawaida ina waya bapa wa ndani uliokatika kwa kukunjwakunjwa. Fundi anaubadilisha, wewe usiufungue.

Vitu ambavyo kamera haivioni

Fokasi ya kamera haioni watu wala majahazi. Inatafuta mpaka kati ya kiza na mwanga. Penye rangi moja tupu haina pa kushika: lenzi itakwenda mwisho, itarudi, na taa ya kijani itapepesa kuashiria imeshindwa. Na Lamu, kwa bahati mbaya ya fokasi, imejaa weusi mtupu na weupe mtupu.

Buibui jeusi ni mfano wa kwanza. Ukiweka nukta kifuani, hasa kichochoroni ambako jua halifiki, hakuna kitu. Peleka nukta pale buibui linapokutana na ngozi: ukingo wa uso, mkono uliotoka, au kwenye macho yenyewe kama amevaa nikabu. Kamera mpya zinazotafuta macho hufanya kazi nzuri kwa uso ulio wazi. Kwa nikabu wakati mwingine hupoteza, kwani zinategemea pia umbo la uso mzima. Zikipoteza, usibishane nazo, rudi kwenye nukta moja.

Kanzu nyeupe juani ni tatizo hilohilo kwa upande wa pili. Tafuta darizi ya shingoni, au tundu za sindano kwenye kofia. Kofia ya mkono ina mishono mingi kuliko kamera inavyohitaji. Kuta zilizopakwa chokaa hazishikiki, lakini penye ufa, kivuli cha boriti au kona ya dirisha panashikika. Zidaka za ndani ni nyeupe juu ya nyeupe: usizipige zikiwa na taa ya mbele. Mwanga ukiingia kwa ubavu kutoka dirishani, vivuli vya nakshi vinajitokeza, nayo fokasi inashika mara moja. (Picha nayo inapendeza zaidi, lakini hilo ni somo jingine.)

Mistari inayojirudia nayo huichanganya kamera: jamvi lililosukwa, kimia cha dirisha, safu ya boriti kwenye dari. Inaona mistari mingi inayofanana na haijui ilinganishe upi na upi. Weka nukta kwenye ukingo wa jamvi badala ya katikati yake.

Kuna jambo la mwelekeo pia. Katika DSLR nyingi za bei ya chini, nukta ya katikati husoma mistari ya wima na ya ulalo, ila nukta za pembeni husoma mwelekeo mmoja tu. Kamera nyingi zisizo na kioo nazo husoma vizuri mistari ya wima na kusita kwenye ya ulalo. Ukilenga mstari wa upeo wa bahari au ubavu wa mashua na lenzi ikasitasita, geuza kamera isimame wima, bonyeza nusu, na bila kuachia kitufe irudishe kama ilivyokuwa. Huonekana kama mazingaombwe.

Tanga: usilenge katikati ya kitambaa. Lenga mlingoti, kamba, au ule ukingo ambapo tanga linakutana na mbingu. Maji yanayometameta usiyalenge kamwe.

Ukifunga filta ya kupunguza mng'ao wa bahari, hakikisha imeandikwa CPL. Aina ya zamani isiyo ya mzunguko huvuruga fokasi ya DSLR ukichungulia, kwa sababu mwanga wake haugawanyiki ipasavyo kwenye vioo. Filta nyeusi ya kuzidisha muda, ile ya stopu 10, ifunge baada ya kushika fokasi na kuhamia MF.

Harusi za usiku

Gizani kamera inahitaji mambo mawili: mwanga, na tofauti ya rangi. Tumia nukta ya katikati, ndiyo yenye nguvu zaidi kwenye DSLR. Lenga mahali mwanga unapokata: pindo la dhahabu la nguo ya bibi harusi, kidani, ukingo wa nywele dhidi ya taa. Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi ya ile ya 18-55 ikiwa kwenye f/5.6, na ndiyo maana 50 mm ya bei nafuu mara nyingi hushika mahali ambapo lenzi iliyokuja na kamera inahangaika.

Taa ndogo ya kusaidia fokasi iliyo mbele ya kamera hufika mita chache tu, na haifanyi kazi kwenye AI Servo na AF-C. Ikizibwa na kifuniko cha lenzi, haikusaidii. Fleshi ya nje ina taa nyekundu ya mistari ambayo hufika mbali zaidi kwenye DSLR. Kamera nyingi zisizo na kioo haziitumii. Katika shughuli za ndani za wanawake, taa hizo humulika usoni na kuudhi, kwa hiyo ni heri umwombe mwenye shughuli awashe balbu moja zaidi upande wa jukwaa.

Baadhi ya kamera zisizo na kioo hushika fokasi kwa tundu lilelile ulilochagua kwa picha. Ukiweka f/11 kwa ajili ya fleshi, unaifumba macho gizani. Fungua hadi f/4, pandisha ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) hadi 1600 au 3200.

Punda na majahazi

Kinachokuja kuelekea kwako ni kigumu kuliko kinachopita mbele yako, kwa kuwa umbali unabadilika kila sekunde. Kwenye mbio za punda weka AI Servo au AF-C, kundi dogo la nukta badala ya moja au zote, shata 1/800 au zaidi, na upigaji wa mfululizo. Anza kubonyeza nusu sekunde moja au mbili kabla ya picha unayoitaka. Kamera inahitaji muda huo kukadiria mwendo. Nukta iwe kwenye kichwa cha mpandaji. Utambuzi wa wanyama kwenye kamera za mwanzo ulitengenezwa hasa kwa mbwa, paka na ndege, kwa hiyo usiutegemee kwa punda.

Majahazi ni rahisi. Yakiwa mbali mita 100, fokasi haibadiliki sana, na kinachoharibu picha ni mawimbi yanayoyumbisha mashua uliyopanda wewe. Shata 1/1000 na umemaliza.

Chumvi, mchanga na ukungu

Msimu wa kusi upepo unaleta unyunyu wa bahari hadi ndani ya nyumba zinazotazama maji. Chumvi hiyo hukaa kwenye vishikizo vya shaba vya lenzi na kamera, hunyonya unyevu, na kukata mawasiliano: fokasi inakuja na kupotea, au inarudi ukiitikisa lenzi kidogo. Zima kamera, itazamishe chini, ondoa lenzi. Futa vishikizo kwa kitambaa laini kisicho na nyuzi, kikavu kwanza. Isipotosha, lowesha ncha ya kitambaa kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, matone mawili tu, futa, acha dakika 5. Ile ya asilimia 70 ya dukani ina maji mengi mno kwa kazi hii. Ushauri wa kifutio cha penseli umeenea, nasi hatuukubali: unakwaruza mpako wa dhahabu na kuacha makombo ndani ya kamera.

Vumbi la ndani liondoe kwa mpira wa kupulizia, kamera ikitazama chini. Usipulize kwa mdomo, mate yanaruka. Usiende kwa mtu wa pancha na kompresa yake. Hewa ile ina mafuta na maji. Kioo cha ndani ya kamera usikiguse hata kwa kitambaa.

Mchanga ukiingia kwenye pete, utausikia unasaga. Acha kuizungusha hapohapo, kila mzunguko unakula meno ya gia. Lenzi za zamani kama 18-55 za kabla ya STM zina udhaifu mwingine: pete yake inazunguka yenyewe kamera ikifokasi, na ukiizuia kwa vidole ikiwa kwenye AF, unavunja gia hizo. Shika lenzi nyuma ya pete.

Kutoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, kioo hupata umande na fokasi hupotea kabisa. Acha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa dakika 30 ipate joto la nje polepole. Usifute umande na kuendelea, utarudi.

Ukungu wa ndani ya lenzi, ule unaofanana na utando wa buibui ukiumulika kwa tochi kutoka nyuma, hupunguza tofauti ya rangi na kuifanya fokasi isitesite. Hauondoki kwa kuanikwa juani. Kuuzuia ni rahisi: sanduku la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko, gramu 200 hivi za silika kwa sanduku la lita 10, na kipimo kidogo cha unyevu kikae kati ya asilimia 40 na 50. Silika ikibadilika rangi, ioke kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili. Mikoba ya ngozi usihifadhie lenzi, inatunza unyevu.

Marekebisho madogo

Haya ni marekebisho ya kwenye menyu yanayosogeza fokasi mbele au nyuma (AF Microadjustment kwa Canon, AF fine-tune kwa Nikon). Yanahusu DSLR pekee, na ni kwa ile hali ya makosa yanayofanana kila mara. Canon 6D, 7D, 70D, 80D na familia ya 5D kuanzia Mark II zina sehemu hii. 60D, 700D, 1300D na 2000D hazina. Nikon D7000 na ndugu zake wakubwa wanayo, ila D3000 na D5000 na vizazi vyake hawana.

1. Weka kamera kwenye stendi, umbali wa mara 50 ya urefu wa lenzi: mita 2.5 kwa mm 50, mita 10 kwa mm 200. Pakiti yenye maandishi isimame sambamba na sensa, na rula iegemee pembeni yake kwa nyuzi 45.
2. Zima kitulizaji cha mtikisiko, fungua tundu lote, ISO 100 hadi 400, kipima muda sekunde 2.
3. Piga picha tano kwa kuchungulia, ukiharibu fokasi kabla ya kila moja. Piga tatu kwa skrini.
4. Zikuze zote kwenye kompyuta. Za skrini ndizo kipimo.

Picha za kuchungulia zikishika mbele ya pakiti, ongeza kwa 5 upande wa kujumlisha, maana kujumlisha kunasukuma fokasi mbali na kamera. Zikishika nyuma, punguza. Rudia mpaka zilingane na za skrini. Mwisho wa kipimo ni 20 kila upande. Zikitawanyika, moja mbele, moja nyuma, moja sawa, rudisha sifuri: namba haitibu lenzi iliyolegea. Kamera isiyo na sehemu hii itumie kwa skrini kwenye kazi nyeti, au fundi airekebishe.

Ukimpelekea fundi

Tuma unapokuta kusaga, waya wa zumu, kamera iliyolowa maji ya bahari, au sensa ya chini iliyokufa. Iliyolowa maji ya chumvi ondoa betri mara moja, usiiwashe kujaribu, wala usiiweke kwenye mchele. Kila siku inayopita kutu inasonga, kwa hiyo iende na basi la kwanza.

Tuma kamera na lenzi pamoja, bila memori kadi, bila mkanda, betri imefungwa peke yake. Funga kila kimoja kwa mfuko wa plastiki kabla ya sponji, kwa sababu ya unyunyu kwenye boti ya Mokowe. Andika namba za utambulisho (serial) za mwili na lenzi, uzipige picha ubaki nazo. Kwenye karatasi usiandike "haifokasi". Andika matokeo ya lile jaribio: inashika kwa skrini au haishiki, lenzi nyingine ilifanya nini, tatizo linatokea kwenye milimita ngapi, vishikizo vilisafishwa au havikusafishwa. Mfano: "Canon 700D na 18-55 STM. Inashika 18 hadi 35, haishiki 35 hadi 55, kwa kuchungulia na kwa skrini. Lenzi nyingine ni sawa kwenye kamera hii. Vishikizo vimesafishwa. Kagua waya bapa wa lenzi; kamera usiifungue."